Salama ya Saa Sita

Kila siku ya likizo Vumilia aliteka maji, akafagia ua, kisha akamfuata baba yake mkubwa, Bonifasi, hadi kwenye ziwa Rweru, huko Giteranyi. Kwao ni Gitega, ambako mama yake alikuwa amejifungua karibuni. Mikono yake iliyozoea kalamu sasa ilikuwa na malengelenge ya kafi.

Mtumbwi wao ulikuwa na tanga lililoshonwa kwa magunia ya mchele. Kazi ya Vumilia ilikuwa kutunza kifaa cha chama cha wavuvi, kidogo kama kipande cha sabuni, alichokivaa shingoni. Katikati ya ziwa simu hazishiki mtandao, lakini kifaa hicho hutuma na kupokea ujumbe kwa setilaiti. Kila saa alichagua neno moja kati ya matatu: salama, tunachelewa, au msaada. Neno hilo lilifika kwa Simoni, mlinzi wa chama aliyekaa kilimani, na pia kwenye simu ya mama yake.

Siku moja walikuwa wakirudi kutoka ng'ambo ya ziwa na magunia ya viazi vitamu. Upepo uligeuka ukasukuma visiwa vya mafunjo vinavyoelea, kimoja kikaziba njia mbele yao na kingine nyuma. Bonifasi alishusha tanga, akasukuma kwa upondo mpaka ukavunjika na bega lake likateguka. Akaketi juu ya viazi, macho ameyafumba. Saa sita ilipofika alimwambia Vumilia atume habari.

Vumilia alimfikiria mama na mtoto mchanga. Tena, tangu utotoni alifundishwa kwamba ukiulizwa habari unajibu salama kwanza, hata kama nyumba inaungua. Akabonyeza salama. Saa saba aliona aibu kubadili neno, akabonyeza lile lile. Saa nane vivyo hivyo.

Maji ya kunywa yakaisha. Saa tisa Bonifasi aliuliza kwa sauti ya kuchoka mbona Simoni haji.

"Nilituma salama, baba mkubwa."

Bonifasi alifumbua macho. Hata nguvu za kugomba hakuwa nazo.

"Basi Simoni amekula, ameshiba, amejinyoosha," alisema. "Sema kweli, mwanangu. Kifaa hakina macho."

Vumilia alibonyeza msaada. Punde jibu likaja: Nakuja, musitoke hapo. Saa kumi na moja Simoni na wenzake wawili walifika, wakiyakata mafunjo kwa panga.

"Kumbe we unasema salama, na mi niko nakula maharage," Simoni alisema huku akimpa maji. "Siku ukizama, utaniandikia salama toka huko chini?"

Walipofika kilimani mama alipiga simu kutoka Gitega. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Salama zako zilinipa usingizi mchana, Vumilia. Sasa nitaiamini ipi?"

Vumilia alitokwa na machozi.

Bonifasi, mkono wake umefungwa kwa kitenge, alimkalisha karibu naye.

"Salamu ni heshima, wala usiiache," alisema. "Lakini anayekulinda si mgeni wa kufichwa shida za nyumbani. Ukimpa ukweli mapema, naye atakupa msaada mapema."

Juma lililofuata upepo ulilegea wakiwa katikati ya ziwa. Vumilia hakungoja saa itimie. Alibonyeza tunachelewa. Kutoka Gitega lilirudi neno moja tu: Asante.