Mistari Miwili Ukutani

Fundi Brashi alikuwa mchoraji wa mabango. Kinyozi, duka la dawa, mpaka mlango wa choo cha soko, vyote vilikuwa na herufi zake. Asubuhi alikunywa chai amesimama, huku akikoroga rangi. Hakupenda kuelekezwa. Ukimwambia herufi imepinda, alikujibu kwamba macho yako ndiyo yamepinda.

Aliishi na mkewe na mama yake karibu na bahari. Zamani mbele ya nyumba yao palikuwa na mikoko, ile miti ya pwani inayoota kwenye tope. Watu waliikata kwa kuni na nguzo mpaka ikaisha. Tangu hapo bahari ikawa inamega ardhi kidogo kidogo. Sasa maji yakijaa yalikaribia chumba cha mama, chumba alichozalia watoto wake wote. Mwanawe alipomwambia ahamie sebuleni, alicheka tu. Alisema bahari bado inabisha hodi, haijakaribishwa.

Siku moja afisa wa mazingira, dada mmoja mpole, alimletea Fundi mchoro. Ulionyesha pwani kwa ubavu, kama mkate uliokatwa. Kwanza nyumba, kisha mikoko, kisha nyasi za baharini, kisha maji ya kina. Mistari miwili ya bluu ilipita humo, mmoja juu na mmoja chini. Alimwomba auchore ukutani sokoni, vilevile ulivyo, ili akina mama wajue pa kupanda mikoko mipya. Kisha akaenda kwenye vituo vingine.

Ukuta ulikuwa na dirisha katikati, palepale mikoko ilipotakiwa kuwa. Fundi aliona aibu kuchora nusu mti. Akaisogeza mikoko upande wa bahari, juu ya nyasi. Ile mistari akaiacha kabisa, kwa sababu ilimchafulia picha. Nafasi iliyobaki akaweka samaki wanaotabasamu. Watu wakamsifu, naye akavimba kichwa.

Mkewe alikuwa kiongozi wa akina mama wa mtaa. Maji yalipokupwa walibeba miche kwa ndoo, wakaenda mbali, wakaipanda katikati ya nyasi. Walirudi na tope mpaka kiunoni. Kila akipita sokoni mke alisimama mbele ya ukuta kuhakikisha hawajakosea. Aliiamini kazi ya mumewe.

Miche ilioza yote. Nyasi zilikanyagwa zikafa, na kaa waliokuwa wakiokotwa humo wakatoweka. Msimu wa mvua bahari ilijaa kuliko kawaida, na ukuta wa chumba cha mama ukaanguka mchana kweupe. Mama alikuwa uani anaanika nguo, ndiyo pona yake. Kitanda kilichukuliwa na maji. Ikabidi apelekwe kwa binti yake, mbali na bahari. Safari hii hakutania.

Afisa aliporudi alisimama mbele ya ukuta. Fundi na mkewe walikuwa nyuma yake.

"Fundi, mistari iko wapi?"

"Ile ya bluu? Dada, ile ilikuwa pambo tu."

"Haikuwa pambo. Wa juu ni pale maji yanapofika yakijaa. Wa chini ni pale yanapoishia yakipwa. Mkoko huota kati ya hiyo mistari, tena karibu na ule wa juu. Ukiupanda chini ya mstari wa chini unazama, haupumui. Na nyasi nazo zina kazi. Zinaficha samaki wadogo na kupunguza nguvu ya mawimbi."

Mkewe hakumtazama afisa. Alimtazama mumewe.

"Msimu mzima nimeinama kwenye tope," alisema. "Nimewainamisha na wenzangu. Kumbe ulikuwa unakwepa dirisha?"

Afisa alikiri kwamba na yeye alikosea. Hakupaswa kuwaachia watu picha na kuondoka. Alipaswa kwenda nao ufukweni, mchoro mkononi, wauone mahali penyewe.

Safari hii walikwenda. Maji yalipojaa walichomeka vijiti yalipofika. Yalipokupwa wakachomeka vingine. Ndipo kila mtu akaiona mistari miwili mbele ya miguu yake. Walipanda kati yake, karibu na ule wa juu, wakaacha nyasi zijiotee. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayekata kuni pale. Fundi alipaka ukuta upya bila malipo. Mistari aliipitisha hadi kwenye mbao za dirisha, na mti mmoja ukatokea nusu. Watu walimcheka, naye akaendelea kupaka.

Miche ilishika. Sasa inamfikia mtu kiunoni, na kaa wamerudi. Bahari imeacha kumega ardhi. Fundi alimpigia mama yake simu, akamwambia arudi nyumbani, pametulia.

"Nirudi chumba gani, mwanangu?" mama aliuliza.

Mpaka leo mama bado yuko kwa binti yake. Mke wa Fundi anaendelea kuongoza akina mama, na nyumbani wanaongea vizuri. Lakini kabla ya kupanda mche wowote, humwomba afisa ile karatasi yake ya mchoro. Hupita sokoni ameishika mkononi, mbele ya ukuta wa mumewe, bila kugeuza shingo.