Sare Nyeupe na Bampa la Kijivu

Majirani walimwita Gundi, kwa sababu vidole vyake havikukosa gundi hata siku ya mapumziko. Alikuwa fundi viatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona, amebandika na kung'arisha viatu vya mtaa mzima. Kazi hiyo ndiyo iliyomnunulia gari dogo la bluu, lililokwisha kutumiwa na watu wengine kabla yake. Kila asubuhi alilifuta kabla hata ya kunywa chai. Mkewe alizoea kumtania kwamba siku moja atalilisha uji.

Gari lilikuwa zima, lakini jambo moja lilimkera Gundi. Mabampa, vipande vya plastiki vya milangoni na vifuniko vya vioo vya pembeni vilikuwa vimepauka. Zamani vilikuwa vyeusi. Sasa vilikuwa vya kijivu, tena vyenye mabaka, kama miguu iliyokosa mafuta.

Wakati mwingine angevumilia. Lakini Jumamosi ile binti yake wa pekee angekula kiapo cha uuguzi. Gundi alikuwa ameapa kwamba siku hiyo atampeleka yeye mwenyewe, kwa gari lake, hadi mlangoni mwa ukumbi wa chuo. Hataki teksi, hataki gari la kuazima. Habari hiyo aliwaambia wateja wake wote, hata waliokuja kutafuta kamba za viatu tu.

Basi Jumatatu jioni alichukua kopo la rangi nyeusi ya viatu na brashi. Akapaka, akasugua, akapaka tena. Baada ya saa moja plastiki yote iling'aa. Gundi akarudi nyuma hatua tatu, akashika kiuno. Kichwa kilimvimba. Akamwita mkewe na binti yake waje waone.

Binti alitoka ndani amevaa sare yake mpya, nyeupe pe, aliyokuwa akiijaribu. Alizunguka gari kwa furaha. Alipopita kati ya ukuta na bampa, sare ikagusa kidogo tu. Alama nyeusi ikabaki gotini, pana kama kiganja.

Mama aliichukua sare ile, akailoweka, akaifikicha mpaka vidole vikamuuma. Alama ilitoka, lakini kwa taabu. Kisha binti akaja kukaa karibu na baba yake.

"Baba, usikasirike," alisema. "Jumamosi mimi nitapanda teksi. Wewe na mama mtakuja na gari. Sare ni hii moja tu."

Gundi aliitikia kwa kichwa. Hakukasirika. Aliumia.

Kesho yake mvua ikanyesha kidogo. Rangi ya viatu ikachuruzika, ikaacha michirizi myeusi hadi chini. Gundi alikuwa akiifuta kwa hasira wakati jirani yao alipopita akitoka kazini. Mama huyu alikuwa fundi rangi wa magari katika gereji. Mtaani walimwita Mama Rangi. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa mkewe, alimwita Gundi shemeji.

"Shemeji, gari lako limefiwa?" aliuliza. "Naona linalia."

Alicheka mpaka akashika lango. Lakini aliposikia habari za sare na teksi, kicheko kikamkauka. Akainama, akagusa bampa kwa kidole.

"Sikiliza, shemeji," alisema. "Ngozi ya kiatu inakunywa rangi. Plastiki hii hainywi. Rangi yako imekaa juu tu, inakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukiigusa, inakuja na wewe."

Gundi akauliza kama mafuta ya kupikia yangefaa, maana aliona madereva wengine wakiyapaka. Mama Rangi akatikisa kichwa. Mafuta hayo hung'aa siku mbili, kisha hukusanya vumbi la barabara yote. Oili chafu ya injini nayo huchafua nguo na mikono. Wapo pia wanaochoma plastiki kwa moto ili weusi urudi. Huo ni mchezo wa hatari, alisema, kwa sababu plastiki hupinda na rangi ya gari hutoka malengelenge.

Akaeleza kwamba adui mkubwa ni jua. Jua hukausha uso wa plastiki polepole, na gari la Gundi lilishinda juani kutwa, mbele ya kibanda chake. Ipo dawa maalumu ya kurudisha weusi wa plastiki, nayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri. Chupa ndogo ingetosha gari zima.

Kwa miaka mingi Gundi ndiye aliyefundisha wengine, na si rahisi fundi kuwa mwanafunzi mbele ya lango lake mwenyewe.

"Nifundishe," alisema.

"Nitakufundisha, lakini sitakufanyia. Anayempeleka binti ni wewe. Mikono iwe yako."

Siku ya Jumatano walianza na kuosha. Mama Rangi alisimama na kikombe chake cha chai, Gundi akasugua kwa brashi laini na sabuni ya maji inayokata mafuta. Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi. Ya pili yakatoka ya kijivu. Gundi alitaka kuacha hapo. Mama Rangi akampa kitambaa cheupe, akamwambia afute. Kikarudi na uchafu. Akaosha mara ya tatu, na ya nne, mpaka kitambaa kikarudi cheupe.

Sasa Gundi akafungua chupa ya dawa aliyoinunua asubuhi kwenye duka la vipuri. Mama Rangi akamshika mkono. Plastiki bado ilikuwa na maji kwenye pembe na mifereji yake. Ilipaswa kukauka kabisa, hadi kesho.

"Kesho Alhamisi," Gundi alilalamika. "Siku zinakwisha."

"Mteja akikuletea kiatu kimelowa, unabandika soli hapo hapo?"

Gundi akakuna kichwa. "Haishiki," alisema. "Lazima kikauke kwanza."

"Kumbe unajua kazi hii. Ulikuwa umesahau tu."

Alhamisi asubuhi waliliweka gari kivulini, kwa sababu juani dawa hukauka kabla ya kuenea. Mama Rangi alitaka Gundi asome maandishi ya chupa kwanza. Gundi alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Alivaa glavu. Alibandika tepu ya karatasi pembeni mwa plastiki ili dawa isiguse rangi ya bluu. Akajaribu kidogo chini ya bampa, mahali pasipoonekana. Palikuwa pazuri. Ndipo akaweka dawa kidogo kwenye sponji, akapaka tabaka jembamba. Alisubiri dakika zilizoandikwa, akafuta iliyozidi kwa kitambaa laini. Alirudia mara ya pili. Hakuna aliyemharakisha, naye hakuharakisha. Kwa siku nzima baada ya hapo gari halikuguswa na maji.

Ijumaa jioni Gundi alimwita binti yake nje. Alitoa leso nyeupe mfukoni. Akaisugua kwenye bampa kwa nguvu, kushoto na kulia, kisha akampa. Binti aliigeuza leso upande huu na upande ule. Ilikuwa safi. Akaangalia gari, jeusi mahali pa weusi na bluu mahali pa bluu. Akamwangalia baba yake.

"Tunaondoka saa ngapi, baba?" aliuliza.

Jumamosi gari la bluu lilisimama mbele ya mlango wa ukumbi. Mama aliteremka kwanza, kisha binti. Wenzake watano wakaja mbio, wote katika sare nyeupe, wakaegemea gari ili wapigwe picha. Gundi aliwatazama mmoja mmoja walipoondoka. Hakuna aliyechafuka. Baba wa mmoja wao akamuuliza gereji aliyokwenda. Gundi akajibu kwamba jirani yake, fundi rangi, ndiye aliyemfundisha, na kazi ameifanya mwenyewe. Akamweleza hatua zote, tangu kuosha hadi kufuta, na yule baba akazirudia ili asisahau.

Mkuu wa chuo alikuwa akisalimia wageni mlangoni. Binti akamshika baba yake mkono, akamvuta mpaka mbele yake.

"Mwalimu, huyu ndiye baba yangu," alisema. "Ni fundi viatu. Amenileta yeye mwenyewe."

Gundi akampa mwalimu mkono wake wenye gundi, akasimama wima ili watu wote wamwone.