Mgeni wa Bwana Tuggle

Gari liliinama upande wa mlangoni, kidogo tu, kama linavyoinama mtu akikanyaga ngazi kuingia. Lakini Royce Tuggle na mkewe Nadine walikuwa tayari ndani, wamekaa mezani wanamenya karanga za kuchemsha, na mlango ulikuwa umefungwa.

Royce aliinua macho kutazama pimamaji aliyoibandika ukutani. Alikuwa na maringo sana na lile gari-nyumba lake. Kila walipotua alilisawazisha kwa jeki mpaka kiputo cha hewa cha pimamaji kikae katikati barabara. Sasa kiputo kilikuwa kimehama.

"Jeki imezama," akasema.

"Imezama kwenye saruji?"

"Kula karanga zako, mpenzi."

Walikuwa wametoka Alabama Jumatatu. Safari ya Savannah ilikuwa ahadi ya miaka mingi, na sasa haikuweza kuahirishwa tena, kwa sababu tangu majira ya baridi Nadine alikuwa ameanza kusahau. Alisahau birika motoni, akasahau jina la mjukuu wake. Alitaka auone mji ule angali anajua anachokiona. Royce alimweleza kila waliyekutana naye njiani kwamba anafanya yote hayo kwa ajili ya mkewe, na watu wakamsifu.

Asubuhi ya siku hiyo walikuwa wamezunguka nyumba za kale. Moja ilikuwa tupu. Dari ya kibaraza chake ilikuwa imebambuka ile rangi ya buluu ambayo kwetu hupakwa ili mizuka idhani ni maji isivuke, na chini yake kulikuwa na kiti cha kubembea. Royce alikivulia kofia kile kiti.

"Unaonekana mpweke sana hapo, bibi," akasema. "Njoo ututembelee siku moja."

Ndivyo tunavyoagana kwetu, hata na muuza petroli, na hakuna mwenye akili zake anayekuja. Nadine alimfinya mkono akamwambia aache mzaha. Upepo haukuwepo, lakini kiti kilibembea mara moja.

Sasa, mle garini, harufu ikaanza kuingia, harufu ya poda ya zamani na tope la kinamasi. Mto wa kiti cha tatu ukabonyea. Mbele yake maganda ya karanga yakawa yanapasuka moja moja, yakipangwa mstari mzuri ukingoni mwa meza. Wakakimbilia chumbani wakajifungia, wakalala wameshikana mikono, jasho likiwatoka, wakasikia hatua zikipita jikoni, zikipita mlango wa choo, taratibu, kama za mgeni asiyetaka kusumbua, kisha bila mlango kufunguliwa godoro likazama katikati yao, baridi ikawapanda mbavuni, na sauti ya kike, kavu na yenye adabu zote, ikasema karibu kabisa na sikio la Royce, "Nashukuru kwa kunikaribisha."

Walitoka mbio, peku.

Nje walimkuta Bi Vashti, mama aliyesafisha mabafu ya kambi ya magari walikotua. Alizaliwa visiwa vya jirani, na mama yake alikuwa mganga wa mizizi. Alisikiliza habari yao, akanusa mlangoni, akakataa kukanyaga ngazi.

"Huyu hakuvamia," akanong'ona. "Ameitwa. Nani kati yenu kamwita?"

Royce aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Siulizi kwa umbea, bwana. Aliyemwita amsindikize kwa miguu mpaka kwake, amuage kibarazani, arudi. Mgeni hamfuati mtu mwingine. Akienda asiye mwenyeji wake, mgeni anabaki hukuhuku, na ile nyumba haikubali kukaa tupu. Itamchukua aliyekwenda."

"Royce," Nadine akasema polepole, "si ni wewe uliyesema?"

"Ni wewe, mpenzi," akajibu. "Umesahau."

Nadine alijishika paji la uso. Alitafuta ile asubuhi kichwani mwake, na kila alipoigusa ilimponyoka, akaona haya mbele ya Bi Vashti.

"Basi nisamehe," akasema. "Nimekuharibia safari."

Bi Vashti alimkazia macho Royce. "Bwana, una hakika?"

"Mke wangu huyu, mama. Namjua miaka arobaini na mmoja."

Nadine aliingia, akachana nywele, akavaa viatu, akachukua mkoba wake wa kanisani. Mezani kulikuwa na bilauri yake ya chai ya barafu. "Nitarudi kabla barafu haijayeyuka," akamwambia mumewe. Alikunja kiwiko akampa mtu asiyeonekana ashike, akashuka ngazi akimsimulia habari za maua yake ya nyumbani. Gari likainuka kidogo. Royce akachungulia kutoka nje akisubiri kiputo kirudi katikati, na hakikurudi. Mkewe alikuwa bado hajafika getini, angemwita, angesikia. Natamani ningeweza kusema kwamba alimwita. Mwoga yule alifunga mdomo wake.

Barafu iliyeyuka. Jua lilipoanza kushuka Royce alikwenda kwa miguu mpaka kwenye ile nyumba, akaukuta mkoba umening'inizwa kwenye kiti cha kubembea. Mlango ulikuwa umepigwa misumari ya siku nyingi, yenye kutu. Nyuma ya mlango huo alisikia sauti ya Nadine ikiuliza, kwa upole, tena na tena, kama anauliza mara ya kwanza, "Samahani, hapa ni kwa nani?"

Aligonga mpaka ngumi zikatoka damu. Alipaza sauti akasema ukweli wote, kwamba ni yeye aliyekaribisha, ni yeye. Ndani sauti ikauliza tena vilevile.

Alirudi kambini kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Bi Vashti alikuwa ameshaondoka. Alipofungua mlango, harufu ya poda ilimpokea, na mezani ile bilauri ilikuwa imejaa barafu mpya mpaka juu.

"Umechelewa," sauti kavu ikasema kutoka chumbani.

"Mke wangu yuko wapi?"

Godoro lililia, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake alale.

"Ni mimi, mpenzi," ikamjibu. "Umesahau."