Maji ya Fundi Vioo

Fundi vioo aliyaamini macho yake. Kazi yake ilimfundisha hivyo. Akishakata kioo, hukifuta kwa gazeti, hukiinua mbele ya dirisha na kukitazama. Asipoona doa, basi hakuna doa. Mkewe alimtania kwamba hata wali anaupima kwenye mwanga kabla ya kula.

Mafuriko yalipopungua, yaliacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Mstari huo ulipita nyumba hadi nyumba, umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Bomba halikutoa maji. Ukilifungua lilivuta pumzi ndefu, kisha likanyamaza. Binti yao wa miaka minne, waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama yake shavuni, hakutaka kulikaribia. Alisema kuna mtu ndani.

Maji yaliyobaki yalikuwa ya kisima cha mtaa, nayo yalinuka. Kuchemsha hakukuwezekana: kuni zimelowa, gesi haijafika. Fundi akaenda dukani, akarudi na chupa ya wasafiri yenye kichujio cha mkaa. Maji ya kisima yaliingia yakinuka, yakatoka hayana harufu. Akajaza glasi, akaiinua dirishani. Maji yalikuwa maangavu mno, glasi ikaonekana tupu. Mkewe akatia kidole ndani kuhakikisha.

"Ukitaka maji safi kuliko haya," fundi alisema, "uhamie mawinguni."

Wakayanywa siku tatu. Majirani walikuja na ndoo zao, naye akawachujia bila kinyongo.

Siku ya nne, jirani wa mwisho wa mtaa hakufungua mlango. Kesho yake, wa pili kutoka mwisho. Mchana mweupe mtaa ulinyamaza, kama watu wamehama bila kubeba vitu. Nguo zilikauka kambani na hakuna aliyezianua. Mama Kidoti alisimama kizingitini akitazama milango iliyofungwa. Mmoja, miwili, mitatu. Ilikuwa inakuja upande wao, kwa zamu.

Alipogeuka, Kidoti alikuwa amekaa sakafuni ameshika tumbo. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake. Hadi adhuhuri mtoto alikuwa ameharisha mara sita, na midomo yake imekauka.

Mhudumu wa afya wa mtaa alikuwa akipita mlango kwa mlango kuwaona wanaoharisha, viatu vyake vya mpira vimejaa tope. Alimfinya Kidoti ngozi ya tumbo, akaangalia inarudi upesi kiasi gani. Akakoroga pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini katika lita moja ya maji salama aliyokuja nayo, akamwonyesha mama kumnywesha kijiko kwa kijiko. Macho yakididimia, damu ikionekana kwenye choo, au mtoto akishindwa kunywa, alisema, wasimsubiri yeye. Wamkimbize kituo cha afya. Kisha akauliza wanakunywa maji gani.

Fundi alileta glasi yake. "Maji yetu hayana kitu, dada. Tazama mwenyewe."

Mhudumu hakuitazama. "Fundi, ndege hugonga vioo vyako?"

"Kila wiki. Jana mmoja amefia hapo nje."

"Aliona nini kabla ya kugonga?"

Fundi alitazama dirisha, kisha glasi. Akaishusha glasi polepole, akaiweka mbali naye, kana kwamba ilikuwa inamwangalia.

Mhudumu hakumlaumu. Alieleza kwamba mkaa huondoa harufu na ladha mbaya, lakini vijidudu hupita. Kichujio cha dharura huchaguliwa kwa matundu yake. Atafute kwenye boksi maandishi ya mikroni, kipimo cha matundu hayo, sifuri nukta mbili au chini ya hapo. Unywele mmoja ni mnene kuliko tundu hilo mara mamia. Kwa familia, afadhali mfuko wa kuchujia wa kuning'iniza kuliko chupa ya mtu mmoja. Tope liachwe litulie kwanza, ndipo maji yachujwe. Na kwa kuwa virusi ni vidogo zaidi, baada ya kuchuja watie kidonge cha klorini na kusubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Maji yenye mafuta au dawa ya shambani wasiyaguse kabisa, kichujio hicho hakiyawezi. Siku gesi ikirudi, kuchemsha hadi yatokote kunatosha kuua vijidudu.

Fundi alienda dukani jioni hiyo. Muuzaji alimsifia chupa nyingine inayong'aa. Yeye akaomba boksi, akasoma mpaka alipoiona namba. Mfuko ulipotundikwa jikoni, maji yalidondoka tone, tone.

"Haya ni machozi ya mama mkwe," alinung'unika.

Mhudumu, aliyerudi kumwangalia mtoto, alimwambia polepole si kosa. Yakizidi kuzorota, asukume maji safi kinyumenyume kukisafisha kichujio. La kuogopa ni yakianza ghafla kumwagika kwa kasi. Hapo ujue kimepasuka.

Fundi aligonga milango yote, akakiri kwamba chupa yake iliwadanganya, akawaita waje kwenye mfuko.

Siku ya tatu tangu augue, Kidoti alidai uji, akalalamika kwamba hauna sukari. Mama yake alishika mwiko, akalia kimyakimya kwa furaha.

Mvua kubwa ilirudi miezi miwili baadaye. Bomba likakauka tena, lakini hakuna aliyeugua mtaani. Shangazi yake Kidoti alikuja kuwajulia hali. Akachukua kikombe, akainama kwenye ndoo ya maji ya kisima. Kidoti akamshika mkono.

"Shangazi, hiyo si yetu."

"Ni ya nani?"

"Ya wale wasioonekana."

Shangazi alichungulia. Maji yalikuwa yametulia, meupe, hadi chini. Hakuona kitu. Akarudisha kikombe mezani taratibu, akavuta kiti, akakaa kusubiri mfuko udondoke.