Aliyekuja Kumvalisha Mke Wangu

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la tatu pale hospitali. La kwanza lilinituma la pili, la pili likanituma la tatu. Mkononi nilikuwa na kibali cha mazishi, cheti cha daktari, na mfuko wenye gauni la mke wangu.

"Nani atamvalisha?" karani aliuliza.

"Wahudumu wenu."

"Maiti wa kike huvalishwa na ndugu wa kike, na ndugu huyo huandikwa kitabuni. Ndiyo utaratibu, mzee."

"Binti yangu gari limemharibikia njiani. Atafika asubuhi."

"Basi aje keshokutwa. Kesho hatufungui."

Nilimweleza kwamba kaburi limeshachimbwa. Nilimweleza kwamba marehemu aliniomba jambo moja tu: nisimwache kwenye majokofu yale zaidi ya usiku mmoja. Aliogopa baridi tangu utotoni.

"Mzee wangu, hata ungekuja na barua ya rais, mstari huu haujazwi na barua." Akatazama saa yake. "Bado nusu saa nifunge."

Nilifundisha shule miaka thelathini na minane. Kila asubuhi niliita majina ya watoto, na sikukosea hata moja. Leo mstari mmoja mtupu ulikuwa unanizuia kumzika mke wangu.

"Shemeji..."

Sauti ndogo. Nyuma yangu.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, mtandio umemfunika nusu ya uso. Nilikuwa nimelipita benchi lile mara tatu. Lilikuwa tupu. Sasa hapo palinuka udongo mbichi, kama umefukuliwa muda si mrefu.

"Nitamvalisha mimi," alinong'ona. "Sema tu ni nduguye."

Siku nyingine yoyote ningekataa.

"Huyu ni nani?" karani aliuliza.

"Mdogo wake marehemu."

"Afadhali! Si ungesema mapema? Jina?"

Mwanamke alinitazama mimi, akasubiri.

Mke wangu aliwahi kuwa na mdogo mmoja wa kike, aliyekufa kabla hajatimiza mwezi. Kubuni jina sikuweza. Maisha yangu yote sijawahi kuandika jina lisilo na mwenyewe. Nikataja la yule mtoto. Hapa sitalirudia.

"Abee," aliitika mwanamke.

Karani akaandika. Nikatia saini.

Alichukua gauni, akaingia chumba cha maiti, akafunga mlango. Nilibaki kwenye ukumbi pamoja na mhudumu, mtu mzima mwenye buti za mpira. Maji yalisikika yakimwagika. Kisha kimya. Kisha...

Sauti mbili.

"Nani amekuleta?" moja iliuliza.

"Mumeo."

Ile ya kwanza ilianza kulia. Kilio kile nakijua. Nimelala kando yake miaka arobaini na mitatu.

Nilimtazama mhudumu. Alikuwa anakagua buti zake.

"Kuna nani mwingine humo?"

"Mzee, huwa sisikilizi. Ndiyo maana bado nafanya kazi hapa."

Mlango ukafunguka. Mwanamke alitoka, mtandio sasa umemfunika uso mzima. Alipita mbele yangu taratibu, mkono kiunoni upande wa kulia, kama mke wangu alivyotembea tangu alipoanguka ngazini. Harufu ya udongo haikuwepo tena. Alinukia sabuni ya nyumbani kwangu.

Hakuniaga.

Niliingia. Gauni lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Nilifunua uso. Ulikuwa wake, naweza kuapa... ila haukuwa na kunyanzi hata moja. Nikashika mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha mke wangu kilipinda tangu ujana, kilipobanwa na cherehani.

Vidole vyote vitano vilikuwa vimenyooka.

"Maiti hulegea," mhudumu alisema kwa upole. "Uso hurudi ujana. Zika, mzee. Usichunguze."

Nikazika. Watu walishasafiri kuja mazishini, kaburi lilikuwa wazi, nami sikuwa na nguvu za kurudi kwenye dirisha lolote. Binti yangu alichungulia jeneza, akaniambia, "Baba, mbona mama amekuwa mdogo hivi?" Nilimjibu kwamba maiti hulegea.

Siku ya tatu nilirudi kwa karani nikamtaka afute lile jina.

"Nifute vipi? Ulisema ni nduguye, akaitika, ukatia saini. Kwetu sisi huyo yupo."

Fundi wa kibao cha kaburi amenipigia simu mara nne. Anataka jina, rangi inamkaukia. Binti yangu ameanza kuninunia. Anadhani ni ubahili.

Sijamwambia kwamba kila jioni, giza linapoanza kuingia, mtu husimama nje ya lango, mkono kiunoni upande wa kulia. Hapigi hodi. Hutetemeka kwa baridi, akisubiri nimwite ndani.

Nami sijui nimwite nani.