Mguu wa Binti wa Saba

Jua lilipotua, fundi viatu alifunga kibanda, akabeba kapu lake, akashika njia ya jumba la mfalme. Kila jioni alipeleka jozi saba mpya. Kila asubuhi zilirudi soli zimelika, zinanuka udongo mbichi. Watu walisema mabinti saba wa mfalme wamelaaniwa, wanawachezea ngoma wasioonekana. Fundi hakuuliza. Domo refu hukosesha kazi.

Lakini leo alikuwa na lake. Mdogo wake, Kitinda, aliingia mle jumbani kufua nguo. Wiki ya tatu hii, hajarudi. Mama alimwambia, "Usirudi bila yeye."

"Mdogo wako?" mlinzi wa mlangoni alicheka alipoulizwa. "Fundi, hapa tuna mabinti saba tu. Ukimpata wa nane, nipe nioe. Haya, leta viatu."

Siku zote aliviacha hapo mlangoni. Leo akatafuta njia ya kuingia.

"Vya leo nitawavalisha mwenyewe. Baba alinifundisha, kiatu hakijaisha mpaka fundi akivalishe kwa mkono wake."

Mlinzi akaacha kucheka.

"Kwa mkono wako? Basi pita."

Mabinti walikuwa wameketi kwenye benchi moja, shela usoni. Ile harufu ya udongo...

Fundi akapiga magoti.

Mguu wa kwanza, baridi kama jiwe la kisimani. Wa pili hauna kucha. Wa tatu, unyayo umelika hadi mfupa. Wa nne. Wa tano. Wa sita.

Wa saba ulikuwa na joto.

Akaingiza kiatu cha kushoto, akakaza kamba. Ndipo akashika mguu wa kulia, akaona kidole kidogo kimempanda mwenzake. Fundi viatu anaweza kusahau uso. Mguu, hasahau.

Mguu wa Kitinda.

"Kaka..." sauti ikanong'ona chini ya shela. "Binti wa saba alicheza hadi miguu ikamwisha. Wakanichukua mimi. Cha pili usinivalishe. Ukinivalisha vyote kwa mkono wako, sitoki tena."

Du... du... du...

Ngoma. Chini ya sakafu.

Wale sita wakasimama kwa pamoja.

Fundi akavuta kamba. Haifunguki! Akachomoa kisu, akajaribu kuikata. Kiatu kikalia kama mtoto mchanga, lakini kamba haikukatika. Akambeba mdogo wake begani na kiatu chake mguuni, akanyakua kapu, akatimua mbio.

Mlinzi, aliyekuwa amemfuata ndani, hakumzuia. Alitumbukiza kiatu kilichobaki kwenye kapu la fundi, akasema polepole, "Chukua na cha kulia, fundi. Mtakihitaji."

Mama alimpokea mwanawe kwa vigelegele.

Kesho yake, giza lilipoingia, mguu wa kushoto uliamka kabla ya mwenyewe. Wakaufunga kitandani kwa kamba. Ukacheza pamoja na kitanda. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu Kitinda hakuwa na sauti hata ya kulia.

"Kaka, nivalishe cha pili," alinong'ona. "Mmoja unachoka kucheza peke yake."

"Wewe! Usithubutu!" mama akapiga kelele.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti, kiatu cha kulia mkononi.