Stoo Iliyokuwa Ikipumua

Benchi la kituo cha afya lilikuwa refu, lakini lilijaa upande mmoja tu. Watu walibanana karibu na dirisha la dawa, hadi wengine wakakaa nusu hewani. Mwisho wa benchi, penye mlango wa stoo, hapakuwa na mtu. Hata mgonjwa aliyeshindwa kusimama hakupenda kukalishwa kule.

Stoo ilikuwa inapumua.

Haya si maneno ya mlevi. Kila aliyewahi kungoja dawa pale aliisikia. Fuuu, taratibu, kama mtu mzima aliyelala. Kisha kimya. Kisha fuuu tena. Na chini ya mlango ilitoka baridi inayoshika vifundo vya miguu, hata siku ya jua kali.

Asubuhi hiyo Mama Kasuku aliingia mbio, binti yake mgongoni. Yeye ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Binti aliitwa Kasuku kwa sababu ya mdomo wake. Akiamka anaongea, akila anaongea, akikosa wa kuongea naye anaongea na cherehani. Lakini leo hakusema kitu. Pumu ilikuwa imembana. Kifua kilipiga filimbi, na mabega yalipanda na kushuka.

"Shikamoo, bibi," Mama Kasuku alimwamkia mwanamke mzee aliyekaa benchini. Watu walimwita Bibi Magoti, maana magoti ndiyo yaliyomleta pale kila wiki.

"Marahaba, mwanangu. Kasuku kanyamaza? Basi leo pana kazi."

"Tangu alfajiri, bibi. Dawa yake ya kuvuta imeisha."

"Watakuambia hakuna."

"Najua."

"Mimi nimeambiwa hakuna mpaka nimezoea. Siku wakiniambia ipo, nitaanguka."

Daktari alitoka chumbani, akamsikiliza Kasuku kifua palepale. Uso wake ulibadilika.

"Anahitaji dawa ya kuvuta sasa hivi," alisema. "Mkalishe wima, apate nafasi. Mkalishe pale."

Alionyesha mwisho wa benchi. Hapakuwa na nafasi nyingine. Kisha akakimbia kutafuta gari la kumpeleka mtoto hospitali kubwa.

Mama Kasuku alimweka binti yake kando ya mlango wa stoo. Baridi ikampanda miguuni. Akaenda dirishani.

Pale dirishani alikaa mzee mpole ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Dirisha. Aliposikia dawa inayotakiwa, hakuingia stoo. Alichukua Mkono. Mkono ni fimbo ndefu yenye ndoano ya waya kwenye ncha. Wafanyakazi waliitengeneza wenyewe, baada ya muuguzi mmoja kutoka stoo anatetemeka na kuomba uhamisho. Tangu hapo hakuna aliyevuka kizingiti. Mizigo ikija, inasukumwa ndani kwa mguu. Dawa ikitakiwa, inavutwa kwa Mkono.

Mzee alifungua mlango wa stoo kidogo, akageuza uso pembeni, akavuta boksi la karibu. Glavu. Akavuta jingine. Glavu tena.

"Hakuna, mama," alisema.

Neno hilohilo. Mama Kasuku alilikumbuka vizuri. Mama yake mzazi naye alikuwa na pumu, na alifia kwenye benchi lile baada ya kuambiwa hakuna. Alikumbuka pia siku wakubwa walipoleta shehena kwa vipaza sauti. Yeye ndiye aliyeshona utepe mwekundu uliokatwa. Mkubwa mmoja mwenye suti ya kijivu alisema, "Sasa mtapumua!" Watu wakapiga makofi. Shehena ikaingia stoo, wakubwa wakaingia kwenye magari, na mama yake akaingia kaburini mwaka uleule. Wengine walikwisha sahau suti ile. Mama Kasuku angeweza kuishona leo, na vifungo vyake.

"Mama," Kasuku aliita. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu alfajiri. "Huyu wa ndani..." Akahangaika kuvuta hewa. "Anavuta... vizuri kuliko mimi."

Bibi Magoti alijiziba mdomo. "Usimjibu," alinong'ona. "Mwanangu, usimjibu."

Mama Kasuku alisikiliza. Stoo ilivuta pumzi, ndefu, bila haraka. Mtoto alivuta, fupi, kwa filimbi. Stoo tena. Mtoto tena. Ilikuwa kama watu wawili wanagombania hewa moja, na mwanawe ndiye anayeshindwa. Hofu ilimtoka. Kilichoingia badala yake kilikuwa hasira.

"Nifungulie," alisema.

"Mama, humo hawaingii watu."

"Mzee wangu, hiyo fimbo ni ya nini?" Sauti hii ilitoka nyuma yao. Alikuwa mfamasia mpya, mwanamke kijana mwenye koti jeupe, aliyeripoti kazini wiki hiyo.

"Ya kutolea dawa."

"Kwa nini usiingie kwa miguu?"

"Wewe ni mgeni. Ingia wewe kwa miguu yako, sisi tutakuja kukutoa kwa fimbo."

Fuuu, stoo ikasema. Mfamasia naye alisita.

"Twende wote," Mama Kasuku alimwambia. Bibi Magoti aliinuka bila kuombwa, akajikokota hadi mwisho wa benchi, akamshika Kasuku mgongoni.

Ndani mlikuwa na giza la kijivu. Mbele kulikuwa na glavu tu, zimerundikana hadi kiunoni. Nyuma yake rafu ziliingia mbali kuliko alivyodhani. Vumbi lilikuwa nene sakafuni, wala halikuwa na alama ya unyayo. Na kule mwisho, kwenye kona, alisimama mtu mweupe, mrefu, asiye na kichwa. Kifua chake kilivimba. Fuuu. Kikanywea.

"Dada," mfamasia alinong'ona, "unaona ninachoona?"

Mama Kasuku alimwendea yule mweupe kama anavyomwendea mteja asiyelipa, akamkamata kifuani kwa mikono miwili, akamchana.

Ilikuwa plastiki. Kifuniko cha plastiki, ambacho hakijaondolewa tangu kitoke kiwandani. Juu yake palikuwa na dirisha dogo lililovunjika. Upepo uliingia kwa vipindi, ukakijaza, ukakiacha. Chini ya plastiki ilisimama mashine yenye magurudumu, inang'aa, haijaguswa.

"Hii ni mashine ya oksijeni," mfamasia alisema polepole. "Ya kumpa hewa mgonjwa anayekosa pumzi."

Mama Kasuku alikumbuka ile suti ya kijivu, akacheka. Kicheko chake kiligonga ukuta kikarudi, na kikamtisha kuliko ile pumzi.

"Utacheka baadaye," mfamasia alimwambia. "Tafuta dawa ya mtoto. Rafu za nyuma!"

Walipekua. Mfamasia alifuta vumbi kwenye maboksi na kusoma tarehe za kuisha muda kwa sauti. "Hii imekufa. Hii imekufa. Hii nayo." Halafu akashusha pumzi. "Hii ni nzima. Imebakiza kidogo, lakini ni nzima!"

Walimpa Kasuku dawa kwa kikopo chenye barakoa ndogo. "Vuta, mama. Taratibu. Tena. Tena." Filimbi ikapungua. Mabega yakashuka. Daktari aliporudi na gari alimsikiliza kifua, akafumba macho kidogo.

"Ataenda hospitali wamwangalie," alisema. "Pumu ikibana hivi, usirudi nyumbani kwa kuona nafuu tu. Lakini sasa ana nguvu ya kufika."

Kasuku aliporudi salama, kituo kiliitisha mkutano. Wananchi walisimama barazani. Mfamasia aliweka maboksi yaliyokufa juu ya meza, na Mama Kasuku akawa wa kwanza kuuliza.

"Nani aliiba?"

"Hakuna aliyeiba, mama," mfamasia alijibu. "Angekuwepo mwizi tungemfunga, tukalala."

"Sasa nini?"

"Mzigo mpya uliwekwa mlangoni, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda nyuma. Mkono ukawa unachukua mpya. Za zamani zikafia nyuma. Kisichofikiwa na Mkono kikaitwa hakuna. Na bohari kuu, kule dawa zinakotoka, hawakuuliza tunatumia nini. Walituma wanachotaka wao. Mashine nayo ililetwa bila fundi wa kuijaribu wala mtu wa kuwafundisha wauguzi."

"Kwa hiyo tulikuwa tunaogopa hewa," mtu mmoja alisema.

"Mliogopa hewa. Na waliopaswa kuja kukagua hawakuja. Dawa inayokaribia kuisha muda hukaa mbele, itoke kwanza. Mpya hukaa nyuma. Ni hivyo tu. Lakini lazima mtu aingie."

Mama Kasuku alichukua boksi moja la dawa ya pumu iliyokufa. Akasoma tarehe. Akaisoma tena.

"Hii ilikuwa bado nzima," alisema, "mama yangu alipokufa hapa."

Mzee wa Dirisha aliutazama Mkono aliokuwa ameushika, kama vile kuna mtu mwingine aliyemshikisha. Akauvunja gotini.

Siku ya kutoa dawa zilizokufa, gari maalumu lilikuja kuzichukua zikateketezwe kwa utaratibu. Hazikutupwa shimoni, watoto wasije wakaziokota. Maboksi yalifungwa kwa nguo nyeupe na kubebwa na watu wawili wawili kupitia barazani. Bila mtu kuamuru, benchi lote lilisimama. Wanaume walivua kofia. Kila boksi lilipopita, midomo ilitaja kwa siri: hili lilikuwa la kaka yangu. Hili lilikuwa la mtoto wa jirani. Msafara ulikuwa mrefu sana.

Baada ya hapo kazi ilianza. Dirisha lililovunjika lilizibwa. Fundi aliijaribu mashine, na wauguzi wakafundishwa. Rafu zilipangwa upya. Wananchi walichagua watu wao wa kuingia stoo kila mwezi pamoja na mfamasia, na Mama Kasuku akawa mmoja wao. Ubao uliwekwa barazani kuonyesha dawa gani ipo na ipi inakaribia kwisha, ili iagizwe mapema. Siku moja Bibi Magoti aliambiwa, "Ipo, bibi." Hakuanguka. Alikaa chini akalia.

Stoo ilinyamaza. Mwanzoni ukimya ule uliwasumbua watu kuliko pumzi. Walipita mlangoni kwa kunyata, wakitega sikio. Lakini wagonjwa walikuwa wengi na benchi lilikuwa refu, na kidogo kidogo likajaa mpaka mwisho.

Kisha lori la bohari kuu likaja. Dereva alishusha boksi la kwanza. Glavu.

"Nani ameagiza?" Mama Kasuku aliuliza.

"Mama, mimi naleta tu. Weka saini."

"Sisi tuliagiza dawa ya presha na ya pumu. Glavu tunazo mpaka kiunoni."

"Sasa unakataa vya bure?"

"Vya bure!" Sauti yake ilifika barabarani. "Uzi ninaoshonea unakatwa kodi. Sabuni ninayofulia inakatwa kodi. Huyu bibi akinunua chumvi, analipa. Hizi glavu tumezilipa sisi, na zikiozea hapa ni jasho letu linaoza. Kituo cha jirani wanafua glavu zilizokwisha tumika. Nimewatembelea, nimeona kwa macho yangu. Pakia, uwapelekee. Mfamasia amekwisha andika, na bohari wamekubali. Zetu ulete."

Dereva alikuna kichwa. "Sijawahi kurudisha mzigo mzima mimi."

"Leo utaanza," alisema Mzee wa Dirisha, naye akainama kumsaidia kupakia.

Wakati huo Kasuku alikwisha panda ngazi ya lori na kuchungulia ndani. "Baba, hii ya kukanyaga ni ya nini? Na hii? Unalala humu? Kwa nini unaleta vitu bila kuuliza? Ukienda dukani unapewa tu chochote? Mimi nikitumwa chumvi nikaleta kiberiti napigwa kelele. Wewe hupigwi kelele?"

"Mama, mwambie mtoto anyamaze kidogo," dereva aliomba. "Hata hapumziki kuvuta hewa!"

Mama Kasuku alikuwa mlangoni pa stoo, mkono juu ya kitasa. Aligeuka, akasikiliza ile sauti ikitiririka bila filimbi hata moja.

"Mwache," alisema. "Mwache aongee mpaka achoke mwenyewe."